Bata Wawili Wasio na Pete

Kyimo,
S.L.P. Tukuyu.
19 Juni 1994.

Kaka yangu mpendwa Alinanuswe,

Ugonile, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe na wenzako mnaokaa pamoja, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa nne kimekwisha. Sisi huku tunapumua. Goti la Mama linamsumbua kama kawaida yake ya mwezi wa sita, maana ukungu hauinuki mpaka saa tano, lakini juzi alikwenda mwenyewe kwenye migomba ya juu akarudi na mkungu kichwani, na alipogombezwa akacheka. Ng'ombe amezaa ndama jike. Paa la jiko tumelitia viraka. Tumesikia redioni kwamba viwanda vingine vinauzwa kwa watu binafsi na wafanyakazi wanapunguzwa. Mama anaomba kila jioni jina lako lisiwemo.

Barua uliyomwandikia mkeo ilifika tarehe ishirini na saba ya mwezi uliopita. Nitakueleza ilivyopokelewa. Lakini kwanza nakuomba ukae chini, uisome hii mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu neno lolote. Nimeichana mara mbili na kuianza upya.

Habari za bata unazijua, kaka, lakini unazijua kwa barua zangu tu, na barua zangu zilikuwa na mapengo.

Unakumbuka niliporudi kutoka kwa mume wangu Mbozi, mikono mitupu, bila hata mtoto wa kumbeba mgongoni. Baba, Mungu amrehemu, hakuniuliza neno. Alinipa bata sita na kipande cha ardhi karibu na mfereji. Nikawafuga mpaka wakawa hamsini. Kantini za serikali pale Tukuyu zilichukua mayai kwangu, na akina mama wa Kyimo wakitaka kujua namna ya kumlazia kuku mayai ya bata walikuja kwangu. Wakaniita Mama Bata. Wewe ulicheka ulipolisikia jina hilo, nami nikacheka pamoja nawe. Sikukwambia kwamba hilo ndilo jina pekee lenye neno "mama" nililowahi kuitwa.

Kisha ukamwoa Ikupa. Nilimpenda, usidhani vinginevyo. Alikuja mwembamba, mnyamavu, ameishia darasa la pili, hajui kuandika zaidi ya jina lake. Mimi ndiye niliyemfundisha bata: namna ya kuyaangalia mayai kwenye mwanga wa koroboi, namna ya kukausha vifaranga mvua ikiwanyea. Wewe ulipoondoka kwenda Morogoro akapata kazi ya bustani kwa yule meneja wa shamba la chai upande wa Kinyala, yule mzee mgeni aliyekuwa na bwawa mbele ya nyumba. Bwawani kulikuwa na bata wa mwituni, wale wa mdomo wa njano, lakini hawakuwa wamekamatwa ziwani. Walikuwa wameanguliwa palepale, na wazazi wao vilevile, kwa miaka mingi, na mzee alikuwa na makaratasi yao yote. Shamba lilipobadilisha wenyewe, akafunga mizigo kurudi kwao. Akamwachia Ikupa madume mawili na majike mawili, wote wakiwa na pete za namba miguuni, pamoja na bahasha ya makaratasi.

Nilipowaona wakishushwa kwenye tenga nilimwambia Mama kwamba mzungu amelipa mshahara kwa manyoya. Mama hakucheka.

Ikupa alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka ofisi ya wanyamapori Tukuyu kuuliza kama anaruhusiwa kuwaweka. Mimi nisingekwenda. Nani anakwenda serikalini kuuliza kabla hajaulizwa? Baada ya wiki mbili akaja afisa, Bwana Meshaki, wazee wanamwita bado Bwana Nyama kama walivyoitwa maafisa wa wanyamapori wa zamani, mtu mpole mwenye koti la mvua linalomfika miguuni. Alikaa uani kwetu asubuhi nzima akimweleza Ikupa sheria, nami nilikuwa ninachambua mahindi karibu nao, nikasikia kila kitu.

Alisema ndege wa mwituni ni mali ya serikali hata akitua kwenye mgomba wako, na kumkamata au kuokota mayai yake ni kosa. Lakini bata aliyezaliwa mikononi mwa watu, kwa wazazi waliopatikana kihalali, mtu anaweza kumfuga na hata kumuuza akiwa na kibali. Ila kila kifaranga lazima avishwe pete ya chuma yenye namba, tena akiwa mdogo, siku ambazo vidole vyake bado vinapita. Mguu ukishakua, pete haivuki tena. Haitoki ila kwa kukatwa, wala huwezi kumvisha bata mkubwa. Kwa hiyo pete ile ndiyo ushahidi kwamba alizaliwa bandani. Kuwe na daftari la waliozaliwa, waliokufa na waliouzwa, na anayenunua apewe hati yenye namba ya pete. Kumwachia bata wa bandani aende ziwani ni marufuku, na kumwingiza wa ziwani bandani ni marufuku zaidi. Akipatikana mmoja asiye na pete kati ya wenye pete, alisema Bwana Meshaki, basi kundi zima linatiliwa shaka, maana nani atajua wangapi walitoka wapi?

Alipomaliza nikamfuata langoni. Nikamwambia mimi nina bata wengi kuliko wifi yangu na wa muda mrefu zaidi, naye aniandikie kibali. Alinitazama kwa heshima kabisa. "Dada," alisema, "hawa wako ni bata wa kawaida. Hawahitaji kibali. Hakuna anayekukataza."

Alidhani ananipa habari njema. Kaka, nilirudi kwenye mahindi yangu masikio yanawaka. Bata wa Ikupa walikuwa na sheria, na namba, na muhuri wenye picha ya mwenge. Wa kwangu hata kukatazwa hawakustahili.

Miaka ile ile ndiyo kila kitu kilifunguliwa, ukaja wewe Krismasi ukashangaa maduka ya Tukuyu yamejaa. Kwangu kufunguliwa kulikuja na kuku wa kisasa kutoka Mbeya, weupe, wepesi kupikwa. Kantini zikafungwa, na waliofungua hoteli zao wenyewe hawakutaka mayai ya bata. Nikabaki na bata ishirini, kisha kumi na wawili, na mayai yakiozea kwenye kikapu. Wakati huohuo bandani kwa Ikupa vifaranga vilikuwa vinavishwa pete. Bwana Zubery, yule ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka Bagamoyo kushona makoti, alijenga nyumba ya wageni yenye bustani na bwawa, akataka bata wa mdomo wa njano. Wageni wake waliwaona, na mwenye hoteli mmoja wa Mbeya naye akawataka. Gari likawa linakuja mlangoni kwetu. Watu wakisimama barabarani kuuliza njia, walikuwa wanauliza kwa Ikupa wa bata.

Hilo lilinichoma. Siyo fedha, kaka, kwa maana fedha zile alizileta mezani na Mama alizigawa sawasawa. Hata sweta niliyovaa sasa imetokana nazo. Ni lile jina. Mwezi wa pili alipita mtoto akiwa na bakuli, katumwa na mama yake kuomba mayai ya kulalia. Nilipomwita aje kwangu akasema ameambiwa aende kwa Mama Bata, akanipita.

Na kulikuwa na barua zako. Zamani ulikuwa unaniandikia mimi, kurasa mbili, na mwisho unasema nimsalimie Mama. Baada ya ndoa ukawa unamwandikia Ikupa, na mimi ndiye ninayemsomea. Hebu fikiri hilo, kaka: ninakaa kwenye kigoda ninamsomea mwanamke mwingine maneno ya ndugu yangu, jinsi unavyomkumbuka, jinsi unavyojivunia kibali chake hata ukawaonyesha wenzako kiwandani, mpaka chini kabisa kwenye ukingo wa karatasi ninafika pahali pangu: "Msalimie na Atuganile."

Sasa naingia kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Mwezi wa nne, siku ya soko, nilishuka mpaka Kisiba. Kando ya ziwa kuna watu wanaotega nyavu kwenye matete, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nilinunua bata wawili wa mdomo wa njano, wakubwa, wazima. Nikawaficha kwenye tenga chini ya majani ya migomba, nikapanda nao mpaka nyumbani, nikawaweka kwenye kibanda changu cha zamani. Jumapili iliyofuata Ikupa alikwenda kanisani, anaimba kwaya kama ujuavyo, naye Mama akafuatana naye. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Wakiwa kanisani nikakata manyoya ya mabawa ya wale wawili kwa mkasi wangu wa kushonea ili wasiruke, nikafungua banda la Ikupa, nikawaingiza kati ya wake. Walikimbilia pembeni wakasimama wamebanana, hawawajui wenzao. Nikaandika barua bila jina, kwa herufi kubwa, nikaituma Tukuyu.

Bwana Meshaki alikuja siku ya Jumatano na askari wawili. Ikupa alimkaribisha kwa furaha, akatoa daftari lake ambalo mimi ndiye nilikuwa ninamwandikia na yeye anachora alama zake pembeni. Wakawakamata mmoja mmoja na kusoma namba. Kumi na saba wote walikuwa sawa. Kisha wakafika kwa wale wawili.

Sitasahau uso wa Ikupa. Alichuchumaa, akashika mguu mtupu wa yule wa kwanza, akauzungusha kana kwamba pete imejificha. Akasema labda wameshuka wenyewe kutoka angani waliposikia sauti za wenzao. Bwana Meshaki akamfunulia bawa akamwonyesha manyoya yaliyokatwa. "Mama, ndege hajinyoi mwenyewe," akasema. Hakulisema kwa ukali. Alionekana kama mtu aliyedanganywa na rafiki. Kibali kikasimamishwa palepale, bata wote wakapakiwa kwenye matenga wakapelekwa Tukuyu, na Ikupa akaambiwa asitoke wilayani mpaka uchunguzi uishe. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikitazama gari likiondoka. Unataka kujua nilihisi nini? Nilihisi uani pamekuwa pakubwa. Nilikwenda nikawalisha bata wangu na nikaimba.

Ungedhani ningetosheka. Lakini kijiji hakikumgeuka Ikupa. Watu walikuja kumpa pole kama mfiwa, wakileta maziwa na ndizi. Mama alikuwa analala naye chumba kimoja ili asilie peke yake. Ndipo nikaichukua kalamu nikakuandikia ile barua ya mwezi wa tano. Itoe uitazame, maana najua unazitunza. Kila neno ndani yake ni kweli, na yote ni uongo. Nilisema mkeo alikuwa anakwenda Kisiba kila Jumamosi bila kuaga. Ni kweli alikwenda. Shangazi yake Atupele alikuwa mgonjwa huko, na alituaga kila mara isipokuwa siku moja. Nilisema gari la Bwana Zubery lilikuwa linasimama mlangoni hata wakati ambao hakuna bata wa kuuzwa. Ni kweli, lilileta waya wa banda na gunia la pumba. Nilisema watu wanasema. Aliyesema ni mimi. Nikaacha uyaunganishe mwenyewe, nawe ukayaunganisha.

Barua yako ilipofika Ikupa aliniletea, mikono imelowa maji ya vyombo. Alikuwa ameingoja tangu siku aliyoondolewa bata wake. Alisema wewe ukishajua utajua la kufanya. Nikaketi, nikaifungua. Nilipoona mstari wa kwanza nikajua. Ningeweza kumsomea jambo lingine, angeamini. Lakini nilisoma yote, kaka, bila kuruka, pale ulipoandika kwamba umeaibishwa mbele ya wenzako, kwamba mwizi wa mali ya serikali na mwenye tamaa hawezi kukaa kwenye nyumba ya baba yako, na kwamba aende kwao Kinyala mpaka utakapokuja Krismasi uamue. Nilisoma kwa sauti yangu ya kawaida. Mama aliniambia niache. Ikupa akasema, "Mwache amalize, Mama. Ni maneno ya mume wangu."

Alifungasha asubuhi iliyofuata, kanga nne na Biblia. Kabla hajaondoka akaja kwenye kibanda changu. Nilidhani amejua. Akanipa bahasha ya makaratasi ya yule mzee wa chai na daftari, akasema ikiwa serikali itawarudisha bata, basi niwaangalie mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Akasema mwezi wa kwanza alimwomba Bwana Meshaki aongeze jina langu kwenye kibali, ila alitaka kunishangaza karatasi ikishatoka. Kisha akanikumbatia, akashika njia na mvua ikinyesha.

Usifikiri moyo wangu ulilainika palepale, maana nimeapa kukuandikia ukweli. Nilikasirika. Nilimwonea wivu hata huo wema wake, kwamba hata kwenye kufukuzwa yeye ndiye aliyetoka akiwa mtu bora, na mimi nikabaki nimeshika daftari. Siku tisa nilikaa hivyo. Mama hakula mezani nami. Hakunituhumu, alikaa tu akiutazama mlango. Siku ya kumi akauliza kama kuna mtu anaweza kumchukia mtoto yatima kama Ikupa kiasi hicho. Nikajibu sijui. Nilipojibu hivyo nikasikia sauti yangu mwenyewe, ni ileile ya kusomea barua.

Kesho yake nilikwenda Tukuyu nikamwambia Bwana Meshaki yote. Nilipeleka na mkasi, ingawa hakuuhitaji. Alinisikiliza, akachukua karatasi, akaniambia nirudie polepole. Kumiliki ndege wa ziwani bila kibali ni kosa langu, na kuipa ofisi habari za uongo ni kosa jingine. Nimeitwa mahakamani tarehe thelathini. Siombi uje kwa ajili hiyo. Kuhusu Ikupa, alisema atamwandikia kuwa hana hatia na kibali kitarudi. Kisha akanipeleka nyuma ya ofisi kwenye stoo walikowekwa bata. Kati ya kumi na saba wamebaki kumi na watatu. Lile dume kubwa alilopewa na mzee limekufa. Wale wawili wa Kisiba wapo, wametengwa peke yao, wanangoja manyoya yaote warudishwe ziwani.

Kutoka hapo nilikwenda Kinyala. Nilimkuta Ikupa kwa baba yake mdogo Asajile, anamenya ndizi nje ya jiko. Nilisema nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa; nadhani aliliona usoni kabla sijafungua kinywa. Aliendelea kumenya. Alimenya mpaka zikaisha, kisha akanawa mikono akauliza bata wangapi wamekufa. Nikamwambia. Akauliza ni wenye namba zipi. Sikujua, sikuwa nimeangalia, na hapo ndipo alipolia.

Nilimwambia nitakuandikia umrudishe. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza: "Mwambie kaka yako nilifukuzwa kwa barua, sitarudi kwa barua. Kama ananitaka aje kwa miguu yake, apige hodi kwa baba mdogo, aseme alichokosea." Nikamuuliza na mimi je. Akasema mimi nisimuulize mwaka huu.

Kwa hiyo, kaka, omba ruhusa kazini uje, usingoje Krismasi. Wakikunyima, wewe ndiye utakayepima kati ya kazi na mkeo. Sina haki tena ya kukushauri. Mama sijamwambia bado. Nitamwambia leo baada ya chakula, ili ukija usimkute hajui. Kama hutaki niwe kwenye nyumba ya Baba utakapofika, niandikie neno moja tu nami nitahamia kwenye kile kibanda cha mferejini. Na hata sasa, nikikwambia kwamba wivu umekwisha nitakuwa ninaanza uongo mwingine. Juzi nimepita kwa Bwana Zubery nikawaona bata wa Ikupa wanaelea bwawani, wageni wamesimama kuwatazama, na bado kitu kile cha zamani kilinirudia. Ila sasa nakijua jina lake, na sikukipa kalamu.

Nimefika ukingoni mwa karatasi. Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi usiku. Jirani Ackson na watu wa kwaya wanakusalimu. Mungu akutunze huko uliko. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Ikupa hakunipa salamu za kukuletea. Zamani, asipokuwapo wakati wa kufunga barua, nilikuwa namtungia. Safari hii sitamtungia.

Mdogo wako,
Atuganile